Matofali ya Gereza Yajenga Mahakama

Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Usemi huo una busara, lakini mara nyingi hutumiwa mahali pasipo pake. Taifa lipatapo uhuru hujikuta limerithi majumba ya watawala waliong'oka: maboma, ngome na magereza. Hapo huzuka kauli mbili. Wako wasemao, "Bomoeni yote, tusiyaone tena." Wako na wengine wasemao yasiguswe hata tofali moja, bali yapakwe chokaa yatazamwe na wageni. Kauli zote mbili zina upungufu. Afrika ya Kusini imeonyesha njia ya tatu, na yafaa wafanyakazi, ambao ndio wajenzi wa kila mji, waitazame kwa makini.

Juu ya kilima kimoja cha mji wa Johannesburg, Serikali ya Paul Kruger ilijenga gereza, na kati ya mwaka 1896 na 1899 ikalizungushia ngome. Wafungwa wa Kizungu walikaa ndani ya Ngome. Waafrika walitupwa katika sehemu iliyoitwa Namba Nne, wengi wao kwa kosa la kukosa kipande tu. Humo walilazimishwa kuvua nguo na kurukaruka uchi mbele ya askari ili wapekuliwe. Gandhi alifungwa katika gereza hilo mwaka 1908. Desemba 1956 waliwekwa Ngomeni washtakiwa wa kesi ya uhaini, ambao jumla yao ilikuwa 156, Albert Luthuli na Nelson Mandela wakiwamo. Katika gereza la wanawake walifungwa Albertina Sisulu na Winnie Mandela. Milango ilifungwa mwaka 1983, na majengo yakaachwa yaoze.

Utawala wa Makaburu ulipokwisha mwaka 1994, iliundwa Mahakama ya Katiba, iwe juu ya serikali na raia sawasawa. Mahakama hiyo ilihitaji nyumba. Majaji wangeweza kutafuta kiwanja safi kisicho na kumbukumbu chungu. Wao walichagua kilima kile kile. Mashindano ya wasanifu yaliitishwa, na mwaka 1998 washindi walikuwa OMM Design Workshop ya Durban na Urban Solutions ya Johannesburg.

Tazameni sasa walivyofanya. Jengo la Mahabusu lilibomolewa, lakini ngazi zake nne ziliachwa zisimame kama minara, mashahidi wa mambo yaliyotendeka. Matofali yake hayakutupwa. Mengine yalijenga kuta za ukumbi wa Mahakama, na mengine yalijenga ngazi pana zinazopita kati ya Mahakama mpya na kuta za Namba Nne. Penye upya hapakufichwa upya: zege, chuma na kioo vinaonekana wazi kando ya tofali kuukuu, wala hakuna aliyejaribu kughushi mtindo wa zamani. Nguzo za ukumbi wa mbele zimeinama kama miti, kwa kuwa wazee wa Afrika waliamua mashauri chini ya mti. Ndani ya ukumbi wa kesi upo utepe wa kioo ukutani, na wanaoketi humo huona miguu ya wapita njia. Hakimu asiyeona miguu ya watu husahau kwa urahisi anamhukumu nani.

Jengo lilifunguliwa tarehe 21 Machi, 2004, siku ya kuwakumbuka watu 69 waliouawa Sharpeville mwaka 1960.

Hapana shaka wako watakaouliza: je, matofali yatamlisha maskini? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2000, kabla haijahamia kilimani, Mahakama hii iliamua katika kesi ya Irene Grootboom kwamba serikali ina wajibu wa kuwa na mpango wa kuwasaidia wasio na makazi kabisa. Uamuzi huo ulisifiwa duniani kote. Hata hivyo mama huyo alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Hilo latufundisha kwamba ukuta mzuri si haki, na hukumu nzuri si nyumba. Lakini tusihitimishe kwamba jengo halina maana. Mnyonge anayepanda ngazi zilizojengwa kwa matofali ya gereza anajua kwamba waliomtangulia hapo waliingia kwa pingu, na yeye anaingia kudai. Anayo haki ya kuuliza kwa sauti kubwa zaidi kwa nini ahadi haijatimizwa.

Nasi tunayo maboma ya Wajerumani na Waingereza, ambayo baadhi yake yangali ofisi za umma. Siku ya kuyaongezea vyumba ikifika, tujiulize mambo matatu. Je, kiongezwacho kinakiri umri wake, au kinajifanya cha kale? Je, alama ya mateso imebaki mahali ambapo mtoto ataiona na kuuliza? Na la tatu, lililo kubwa kuliko yote: je, mlango ambao babu zetu waliuogopa sasa umefunguliwa kwa ajili ya nani? Tukiweza kujibu kwamba umefunguliwa kwa mwananchi, basi ndwele ya jana itakuwa imegangwa kweli.