Joto la Dar: Feni, Kiyoyozi au Rangi ya Paa?

Kati ya Desemba na Machi, chumba cha bati kisicho na dari jijini Dar es Salaam hakikaliki mchana, na usiku bado kina fukuto. Kiafya, usiku ndio wa kuogopwa zaidi. Moyo ulioshinda ukisukuma damu kuelekea kwenye ngozi ili mwili upoe unahitaji nafuu. Chumba kisipopoa, hauipati. Wanaoumia kwanza ni wazee, watoto wachanga, wajawazito na wenye matatizo ya moyo, presha au kisukari.

Tuanze na LUKU, maana ndiyo inayokula kila siku. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 10 kila usiku hutumia uniti 21 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida anayelipa takribani shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni kama shilingi 7,500. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000, tukikadiria kinavuta wastani wa wati 600 kwa kuwa kompresa huwaka na kuzima, kitakula uniti 180 kwa saa hizohizo: karibu shilingi 64,000. Aliye kwenye daraja la nafuu, D1, naye ataumia. Bei yake ya chini huishia uniti 75, na kiyoyozi peke yake kitazimaliza kabla mwezi haujafika katikati.

Je, feni inatosha? Shirika la Afya Duniani linashauri itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40. Usiku wa Dar haufiki huko, kwa hiyo feni, dirisha lenye wavu wa mbu na khanga iliyoloweshwa maji vinasaidia sana. Mwenye kiyoyozi naye akiweke nyuzi 27 na kuwasha feni; shirika hilohilo linasema chumba kitaonekana kupoa kwa nyuzi 4 zaidi. (Wapo wanaoweka 16, kisha wanalala na blanketi.)

Zile feni za maji zinazosifiwa sana madukani, mkazi wa pwani aziache. Hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu, kama ya Dodoma. Hapa, ambapo jasho lenyewe halikauki, zinaongeza unyevu tu.

Lakini yote hayo ni kupambana na joto lililokwisha kuingia. Mlango wake mkubwa ni paa. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Yale ya msauzi meusi au ya rangi ya damu ya mzee, yanayopendwa siku hizi, hulinyonya. Rangi nyeupe hugharimu mara moja kwa miaka kadhaa na haihitaji umeme, ila bati lisafishwe vumbi na kutu kwanza, na kama unakinga maji ya mvua ya kunywa, uliza dukani rangi isiyo na madhara. Dari nayo husaidia, mradi fundi aache matundu ya hewa juu yake. Akiziba kote, joto hubaki hapo na kushuka usiku.

Kwa mwenye nyumba, hukumu yangu ni paa kwanza, dari pili, kiyoyozi mwisho, tena chumba kimoja cha mgonjwa au mzee. Mpangaji anunue feni, kisha amshawishi mwenye nyumba kuhusu rangi. Ipakwe Agosti au Septemba, kabla ya mvua za vuli.