Mtihani wa Kemia wa Kidato cha Nne: mzazi asiyeijua Kemia amsaidieje mwanawe?

Kila ifikapo Oktoba, maombi ya waamini katika parokia zetu, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, huongezewa nia moja: kuwaombea watahiniwa wa Kidato cha Nne, ambao huingia katika vyumba vya mtihani mwezi wa Novemba. Nia hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Walakini tumeona kwamba kwa somo moja hasa, yaani Kemia, wazazi wengi huanza kuuliza habari za mtihani wakati muda wa kusaidia umekwisha kupita. Baba anauliza kama kuna masomo ya ziada, mama anatafuta fedha ya kambi, na mtoto anazihesabu wiki tatu zilizobaki kwa mambo ya miaka minne. Tumeona vema kueleza mapema mtihani huu unadai nini, na jinsi mzazi ambaye hakuisoma Kemia hata siku moja anavyoweza kumsaidia mwanawe akiwa nyumbani.

Kwanza, waamini wapendwa, yafaa kujua kilichopo hatarini. Muuguzi anayempokea mgonjwa Ikonda, Ilembula au Kibena, mtaalamu wa maabara anayepima malaria na mfamasia anayetoa dawa, wote walipita katika mlango huu. Vyuo vya afya vya ngazi ya stashahada huuliza ufaulu wa Kemia katika cheti cha Kidato cha Nne, na kijana asiye nao hurudishwa hata kama ana alama nzuri katika masomo mengine. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, alama 30 hadi 44 ni D, na kuanzia 45 hadi 64 ni C. D yaweza kumfikisha mtoto katika chuo cha afya. C ndiyo inayomfungulia tahasusi za sayansi za Kidato cha Tano. Kati ya 29 na 30, au kati ya 44 na 45, kuna alama moja tu, na mara nyingi alama hiyo hupotea kwa jambo dogo ambalo mtahiniwa alilijua.

Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, mtihani una karatasi mbili. Ya kwanza ni ya nadharia, saa tatu, alama 100. Ya pili ni ya vitendo, saa mbili na nusu, alama 50, nayo hufanyika maabara. Maswali hutoka katika masomo ya vidato vyote vinne: kuungua na kutu vilivyofundishwa Kidato cha Kwanza, muundo wa atomi wa Kidato cha Pili, asidi na chumvi na uchimbuaji wa metali wa Kidato cha Tatu, kemia ya udongo na uchafuzi wa mazingira wa Kidato cha Nne. Kwa hiyo mzazi anayeyatupa madaftari ya zamani, au kuyatoa yawashie moto jikoni, anatupa nusu ya mtihani. Yafungwe pamoja na kuwekwa mahali pakavu.

Kuna kikwazo ambacho wazazi hawakioni kwa urahisi, nacho ni lugha. Mtoto alisoma Sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Kemia anaisoma na kuijibu kwa Kiingereza. Anajua vizuri kabisa kwa nini jembe lililoachwa nje katika mvua za Januari hushika kutu, lakini maneno ya kuandika hana. Dawa yake si kukariri kurasa nzima. Mtoto na aeleze jambo kwanza kwa Kiswahili, mbele ya mama yake au mdogo wake, mpaka lieleweke. Kisha aliandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Mzazi hahitaji kujua jibu. Anahitaji kusikiliza na kusema, “Hapo sijaelewa, rudia.” Hali kadhalika maneno ya kuamuru yasomwe kwa makini: swali linalosema ‘state’ linataka kutaja tu, na linalosema ‘explain’ linataka sababu. Wapo wanaotaja mahali palipotakiwa sababu, wakapata nusu ya alama kwa jambo walilolijua lote.

Sehemu inayowaogopesha wengi ni mahesabu, na chanzo cha hofu hiyo ni neno moja: moli. Tulieleze kwa desturi ya soko la Makambako. Mfanyabiashara anayenunua mahindi hahesabu punje. Anahesabu madebe na magunia. Atomi nazo ni ndogo mno hata hakuna awezaye kuzihesabu mojamoja, hivyo wanakemia wana debe lao, nalo ndilo moli. Moli moja ina chembe 6.02 × 10²³, ziwe za chuma, za maji au za chumvi. Na kama vile debe la mahindi na debe la alizeti halina uzito mmoja, ndivyo moli moja ya kaboni ilivyo na gramu 12, na moli moja ya oksijeni, ikihesabiwa kwa atomi zake, gramu 16. Mtoto akilishika jambo hilo, mahesabu mengine yote ni kubadili gramu kuwa moli na moli kuwa gramu, sawa na kubadili kilo kuwa madebe.

Mfano mzuri umo stoo kwa wengi wetu. Mfuko wa mbolea ya urea umeandikwa 46. Namba hiyo yatoka wapi? Molekuli ya urea ina kaboni moja, oksijeni moja, nitrojeni mbili na hidrojeni nne. Jumlisha uzito: 12, na 16, na 28, na 4, ni 60. Nitrojeni ni 28 katika hizo 60, yaani takriban asilimia 46.7. Basi mfuko wa kilo 50 una nitrojeni kama kilo 23 tu. Mtoto anayeweza kumweleza baba yake hesabu hiyo kando ya shamba la viazi amejibu swali halisi la mtihani, na baba naye amejua anachokilipia. Mkoa wetu umejaa mifano ya namna hii. Ulanzi ulio mtamu asubuhi na mkali jioni ni sukari inayogeuzwa na hamira ya asili kuwa ethanoli na gesi ya kaboni dayoksaidi. Hilo ni somo la kemia ya kaboni. Mawe ya chuma ya Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, kule Ludewa, ni somo la uchimbuaji wa metali. (Ulanzi wenyewe mtahiniwa ataujua vya kutosha kwa kuuangalia.)

Karatasi ya vitendo ndiyo inayohitaji maandalizi ya mapema zaidi, kwa sababu haisomeki usiku mmoja. Wengi wetu twakumbuka jinsi mwaka 2014 wananchi walivyochangia mchanga, mawe na fedha ili kila shule ya kata ipate maabara tatu. Majengo yalisimama, walakini jengo si maabara mpaka liwe na bureti, kemikali, maji na mwalimu. Wajumbe wa bodi za shule walio waamini wetu na waulize swali hili mwezi wa Februari, wala si Septemba: je, watoto wa Kidato cha Nne wamekwisha kushika bureti kwa mikono yao wenyewe, au wamemtazama mwalimu tu?

Maana kazi yenyewe ni ya mikono. Mtahiniwa hupima kwa pipeti ujazo kamili wa besi, hutia matone machache ya kiashiria, kisha huachia asidi kutoka katika bureti kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike. Hurudia mara tatu baada ya jaribio la kwanza la kukadiria, huandika vipimo kwa tarakimu mbili baada ya nukta, na hutafuta wastani. Makosa ya kawaida yanajulikana: kusoma kipimo kwa kuinama au kwa kutazama kutoka juu badala ya kuweka jicho usawa wa maji, kupitisha tone moja baada ya rangi kugeuka, kuandika 23 mahali pa 23.00, na kusahau kuandika kizio cha kipimo. Swali lingine hutolewa mara kwa mara kuhusu kasi ya mmenyuko: herufi X huchorwa chini ya chombo, kimiminika kikaanza kuwa na ukungu wa salfa, na mtahiniwa hupima sekunde mpaka herufi isionekane. Hapo hesabu ni nyepesi, lakini jedwali na mchoro wa grafu huhitaji mkono uliozoea.

Hata nyumbani pasipo maabara yapo mazoezi. Bomba la sindano lisilo na sindano, likijazwa maji safi, hufundisha kusoma kipimo kwa usawa wa jicho. Unga wa manjano unaotiwa katika mchuzi ukikorogwa katika maji ni kiashiria halisi: tia maji ya majivu yaliyochujwa, rangi hugeuka nyekundu ya udongo, kamulia limao, njano hurudi. Majivu ni besi, limao ni asidi. Zoezi hilo halina gharama, nasi tungependa kuliona likifanywa na vijana wa utoto mtakatifu, kabla hawajaanza kuambiwa kwamba Kemia ni ngumu.

Kuhusu kusoma kwenyewe, tunalo shauri moja kubwa kuliko mengine. Baraza la Mitihani huweka katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bila malipo. Humo huonyeshwa swali, idadi ya waliolijibu vema, na nakala za majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa, pamoja na sababu za kukosa. Taarifa hizo twaziona bora kuliko vijitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi. Jumuiya yenye simu janja moja yaweza kupakua taarifa za miaka mitatu na kuzichapa. Kisha mtahiniwa aufanye mtihani wa zamani kwa saa tatu kamili, bila daftari, asahihishe, arudie alipokosa. Mtihani mmoja uliofanywa hivyo kila Jumamosi tangu Juni unafaa kuliko kukesha juma zima la Oktoba.

Hapo ndipo familia inapoingia. Saa tatu za Jumamosi ni saa za kuvuna viazi, za kubeba mbao, za kumtunza mdogo mgonjwa. Hatusemi mtoto asifanye kazi. Twasema saa hizo zijulikane na ziheshimiwe, kwa binti kama kwa kijana wa kiume. Binti ndiye anayerudi shuleni akateka maji, akapika, akaosha vyombo, kisha akaambiwa asome wakati taa ya sola imekwisha chaji.

Zaidi, wapo watoto wetu waliotoka vijiji vya mbali na kupangishiwa chumba karibu na shule. Tunawaomba wazazi wao na majirani walisikie hili kwa uzito. Miezi ya Juni na Julai baridi ya Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na mwanafunzi anayesoma usiku huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu mahali pa oksijeni. Mtu husinzia, haamki. Mtahiniwa ameifundishwa gesi hiyo darasani. Aulizwe na mzazi wake kwa simu usiku huohuo jiko liko wapi. Blanketi la pili ni mchango wa maana katika mtihani wa Kemia.

Inapokaribia Novemba hutokea pia watu wanaouza karatasi wanazodai ni za mtihani wenyewe. Nyingi ni za uongo, na mzazi hupoteza fedha. Ikiwa ni za kweli, ni wizi, na matokeo ya mtoto hufutwa. Mzazi anayemnunulia mwanawe karatasi hiyo kisha akatoa nia ya Misa kwa ajili yake anaomba mambo mawili yasiyopatana. Nia na itolewe kwa moyo safi. Tena 15 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Alberto Mkuu, Mdominikani, mwalimu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyetangazwa mwaka 1941 kuwa msimamizi wa wanaosoma sayansi za asili. Mara nyingi siku hiyo huwakuta watahiniwa wangali katika mitihani.

Na yule ambaye matokeo yatatoka akiwa na F? Anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, bila kurudia Kidato cha Nne. Lakini ajue mapema kwamba Kemia ya kujitegemea nayo ina vitendo, hivyo atafute kituo chenye maabara na mwalimu atakayemruhusu kufanya mazoezi, kabla ya kulipa ada ya usajili. Katika parokia zenye ukumbi na umeme, tunapendekeza meza mbili na taa ziachwe kwa ajili ya vijana hao kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, siku zisizo na mazoezi ya kwaya.