Mizizi ya Kiyunani katika Istilahi za Kiingereza: Msaada na Mitego Yake

Wafasiri na walimu wetu hukutana kila mara na maneno marefu ya Kiingereza yahusuyo sayansi na tiba. Mengi kati ya hayo yameundwa kwa mizizi ya Kiyunani, yaani Kigiriki cha kale. Lugha hiyo si ngeni kwetu kabisa, kwani neno falsafa lilitoka huko likatufikia kwa kupitia Kiarabu. Ajuaye mizizi michache aweza kufumbua maneno mengi.

Tuchukue mfano wa neno "hypoglycaemia". Sehemu zake kuu ni hypo, chini ya, glykys, tamu, na haima, damu. Kwa hiyo neno zima lahusu upungufu wa sukari katika damu. Tukiondoa hypo na kuweka hyper, yaani kupita kiasi, twapata "hyperglycaemia", sukari kuzidi katika damu. Kimatamshi tofauti ni ndogo mno, lakini kitiba ni kubwa: aliyepungukiwa sukari huhitaji kupewa sukari upesi, na kumdunga insulini badala yake kwaweza kumwua. Mfasiri anayeandika "ugonjwa wa sukari" kwa maneno yote mawili huwa ameificha hatari hiyo.

Hata hivyo, iko mitego miwili. Kwanza, Kiingereza kimekopa pia kutoka Kilatini, na mizizi ya lugha hizo yaweza kufanana. Anti ya Kiyunani ni dhidi ya; ante ya Kilatini ni kabla ya. Asiyetambua hilo aweza kudhani kwamba kliniki iitwayo "antenatal" ni ya kuzuia uzazi, ilhali huwahudumia wajawazito kabla ya kujifungua.

Pili, mzizi huonyesha fikira za waliounda neno, nazo huenda zikapitwa na elimu. "Atom" latokana na atomos, kisichogawanyika. Lakini mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kuwamo kwa chembe ndogo zaidi, yaani elektroni. Kiswahili kilifanya vyema kulitohoa neno hilo kuwa atomi. Kama tungalitafsiri mzizi wake, tungalikuwa na istilahi inayojikanusha.

Rai yetu, basi, ni kwamba mfasiri aanze kwa kuuchambua mzizi, kisha aipime maana aliyoipata kwa dhana itumikayo katika fani yenyewe, ndipo achague istilahi.