Miezi ya Kungoja Chuo: Je, Kijana Akae Bure Nyumbani?

Mwezi wa Mei mtihani wa kidato cha sita umekwisha. Kijana wa Ngorongo, huko wilaya ya Rufiji, afunga sanduku lake, afika Kibiti, na kutoka huko ashika njia iendayo Mloka mpaka kwao. Siku ya kwanza kuku huchinjwa. Siku ya pili majirani huja kumtazama. Siku ya tatu aanza kulala hata saa tatu ya asubuhi, na mama yake ajiuliza moyoni: huyu atangoja hivi mpaka lini?

Atangoja sana. Matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wako waitwao JKT, nao kwa muda huo wana kazi na amri. Wengine hukaa nyumbani miezi mitano au zaidi. Mwenzao wa kidato cha nne hungoja vile vile, kwa maana amaliza Novemba, na kidato cha tano huanza Julai.

Wazazi wengine humfanya kijana huyo mgeni: hapewi jembe, ati mikono yake ni ya kalamu. Wengine humfanya kibarua: kutwa mpunga, kutwa ufuta, wala hagusi kitabu tena. Wote wawili wamekosa, lakini naona yule wa kwanza amekosa zaidi. Chuoni hakuna kengele ya kumwamsha mtu wala mwalimu wa zamu. Mwanafunzi hupewa fedha ya chakula ya majuma mengi kwa mara moja, na asiyejua kuigawa hushinda na njaa kabla ya nyingine kufika. Basi mpe daftari la matumizi ya nyumba tangu sasa. Aandike sukari, mafuta ya taa, nauli na mauzo ya korosho. Akikosea, akosee hapo mlipo karibu naye.

Jambo la pili ni hati. Aombaye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, atatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na fomu yenye sahihi ya serikali ya kijiji na ya hakimu au wakili. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho chatakiwa. Tazameni majina! Cheti kimoja chasema Ali, kingine Ally, na kwa herufi moja tu safari nyingi hufanyika. Jina langu mimi liliandikwa kwa namna mbili, nami nilijua siku chache kabla ya kufunga maombi. Nauli niliyoitumia kulisahihisha ingetosha kununua godoro la chuoni.

Lakini daftari na hati hazijazi miezi mitano. Hapo ndipo nataka kunena habari ya chama cha matembezi.

Msicheke. Kule Uingereza palikuwa na msichana wa miaka kama 12 aliyeanzisha chama pamoja na mdogo wake na rafiki zao wawili. Walitembea mashambani, wakatazama ndege na wadudu, wakaandika waliyoyaona. Alipokua, mama yake hakuwa na fedha ya kumpeleka chuo kikuu, akajifunza kazi ya ukarani. Kisha alipoalikwa Kenya na rafiki yake, alirudi nyumbani kwao Bournemouth, akafanya kazi ya kuwahudumia wageni hotelini, akaweka akiba mpaka nauli ya meli ikatimia. Mwaka 1957 akaja Kenya. Mwezi wa Julai 1960 alifika Gombe, karibu na Kigoma, kuchunguza sokwe. Serikali ya wakati ule haikukubali akae porini bila mwenzi, basi mama yake mwenyewe ndiye aliyemfuata na kukaa naye miezi ya kwanza. Huyo ndiye Jane Goodall. Cambridge walimpokea mwaka 1962 asome shahada ya udaktari ingawa hakuwa na shahada ya kwanza, naye akaipata. Na mwaka 1991 wanafunzi 12 walikusanyika nyumbani kwake Dar es Salaam kuzungumza juu ya mambo yaliyowasikitisha katika nchi, wakarudi makwao kuanzisha vikundi. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha Roots & Shoots, yaani Mizizi na Machipukizi, ambacho kimeenea katika nchi nyingi. Mama Goodall alifariki Oktoba 2025.

Kijana wa Ngorongo ana porini kwake mali ambayo wengi wa mjini huilipia. Mto Rufiji upo, na upande wa magharibi iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Iko miti kama mkongo, mninga na mpingo, na wako wazee wajuao kila mmoja wafaa nini. Akienda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusoma misitu, atafundishwa kwamba mkongo huitwa Afzelia quanzensis. Jina hilo litashika upesi kwa mtu aliyekwisha kuugusa mkongo kwa mkono wake. Vivyo hivyo kwa atakayekwenda Mweka, chuo cha wanyamapori kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro.

Najua mama atasema, “Mwanangu, kwenda porini bila kazi ni kutafuta mauti.” Ana haki ya kuogopa. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, na mamba wa mto hawajaacha desturi yao. Kwa hiyo chama hiki sharti kiwe na amri, wala amri zisivunjwe kwa sababu ya utani. Hakuna kutembea peke yake. Hakuna kuoga mtoni wala kukaa ukingoni. Mpaka wa hifadhi hauvukwi. Hutoka alfajiri ikiwa imepambazuka vizuri, na kurudi kabla ya jua kali. Mtendaji wa kijiji na mzazi mmoja wajue njia itakayofuatwa. Mtu mzima aijuaye njia hiyo awatangulie. Mzee mwindaji au mvuvi wa zamani huwa na furaha kubwa kuombwa.

Siku iwe Jumamosi. Ijumaa Waislamu, ambao ndio wengi Rufiji, wana sala yao, na Jumapili Wakristo wana yao. Watoto wa dini zote watembee pamoja. Mwezi wa Ramadhani matembezi yawe mafupi, au yangoje. Wasichana nao wasiachwe jikoni. Kama wazazi wao wana shaka, mama mmoja aende nao, kama vile mama yake Jane alivyokwenda.

Vifaa ni vichache: maji, kofia, viatu, fimbo, daftari na kalamu. Kila safari mmoja awe karani, mwingine mtunza fedha, hata kama fedha yenyewe ni ya kununua kalamu tu. Kazi za kuandika hazikosekani. Mwaka 2024 mafuriko yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Chama chaweza kuwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka huo, na yalifika wapi katika mafuriko makubwa ya 1968, ambayo baada yake watu walihamishwa kutoka bondeni. Kisha watie alama na kupima kwa kamba tofauti iliyopo. Hiyo ni jiografia halisi, na kijana aliyeifanya hatatetemeka chuoni akiambiwa, “Nenda ukaulize watu, uniletee taarifa.”

Watu watano watosha kuanza. Wakizidi kumi na watano, gawanyeni makundi, maana kundi kubwa hupiga kelele na ndege hukimbia.

Oktoba ikifika, mwenye chama atafunga sanduku tena. Mwezi mmoja kabla yake amtafute mdogo wa kidato cha pili, amwachie uongozi naye mwenyewe yupo bado, atazame jinsi anavyowapanga wenzake asubuhi. Daftari libaki Ngorongo. Hilo si lake la kuondoka nalo.