Kutengeneza Macho kwa Laseri: Mambo ya Kujua Mbele na Nyuma



Habari za laseri zimefika hata katika seminari na misioni zetu. Waseminari waliovaa miwani tangu utoto wanasikia kwamba iko mashini inayonyoosha jicho kwa dakika chache, na kesho yake mtu anaacha miwani yake. Wengine wanaomba jamaa zao wachange feza, wapate kwenda kutengenezwa katika inchi nyingine. Habari hiyo si uongo, lakini ni nusu ya habari. Anayejua nusu tu anaweza kupoteza feza za jamaa, na pengine macho pia. Kwa hiyo tutaeleza mambo manne kwa utaratibu: laseri inatengeneza nini, inamfaa nani, siku yenyewe inapita ginsi gani, na mapumziko yake yanadai nini.

I. LASERI INATENGENEZA NINI?

Mwangaza ukiingia katika jicho unapita kwanza katika kornea. Kornea ni kile kioo cha mbele, kisicho na rangi, kinachofunika mboni. Unene wake katikati unapita kidogo tu nusu ya milimeta, lakini ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwangaza. Ndani, nyuma ya mboni, iko lenzi, inayomaliza kazi hiyo. Mwisho mwangaza unafika juu ya retina, yaani utando wa nyuma wa jicho, na kutoka hapo mshipa wa jicho unapeleka habari katika ubongo.

Jicho likiwa refu kupita kipimo, au kornea ikibinuka mno, mwangaza unakutana mbele ya retina. Ndiyo miopi: mtu anasoma kitabu vizuri, lakini ubao haoni. Jicho likiwa fupi mno, ndiyo ipermetropi. Na kornea isipokuwa mviringo sawasawa, bali kama ubavu wa yai, ndiyo astigmati: herufi zinavutika upande mmoja. Haya matatu ni makosa ya kipimo. Miwani inayanyoosha kwa kupinda mwangaza mbele ya jicho. Laseri inayanyoosha kwa kuchonga kornea yenyewe. Kwa mtu wa miopi inapunguza unene wa katikati, karibu mikroni 12 mpaka 15 kwa kila dioptri moja. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimeta. Basi mtu mwenye miopi kubwa anachongwa sana, na kornea ikiwa nyembamba haitatosha.

Wazo la kubadili umbo la kornea lilitangulia laseri. Munganga José Ignacio Barraquer, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Bogotá katika Kolombia, alilifundisha katikati ya karne ya 20, akitumia visu. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni IBM karibu na New York, Rangaswamy Srinivasan na wenzake walijaribu laseri ya eksima juu ya masalio ya nyama ya bata mzinga, wakaona inakata safi bila kuunguza ya kando. Mwangaza wake ni wa namna ya ultravioleti, jicho haliuoni. Unaondoa nyama nyembamba mno kila unapopiga. Mwaka 1983 munganga Stephen Trokel alionyesha kwamba unaweza kuchonga kornea. Karibu mwaka 1990 munganga Ioannis Pallikaris, katika kisiwa cha Kreta, alianza kufungua kifuniko chembamba cha kornea na kupiga laseri chini yake: ndiyo njia inayoitwa LASIK.

II. INAMFAA NANI?

Kwanza, mtu mzima, wa miaka 18 au zaidi, ambaye vipimo vya miwani yake havikubadilika kwa mwaka mmoja angalau. Kijana ambaye miopi yake ingali ikizidi, akitengenezwa leo, kosa litarudi. Asiwe na haraka.

Pili, mtu mwenye kornea nzima na nene ya kutosha. Kuna ugonjwa unaoitwa keratokoni: kornea inalegea na kuchongoka polepole kama ncha ya pia. Watu wenye mzio wa macho, wanaojisugua macho kila siku tangu utoto, wana hatari zaidi ya kuupata. Kumchonga mtu huyo kwa laseri ni kuibomoa nyumba ambayo ukuta wake umekwisha kupasuka. Kwa hiyo munganga mwenye akili hapigi laseri kabla ya kupima unene wa kornea na kuchora ramani yake kwa mashini. Ukikutana na mtu anayekuahidi laseri bila vipimo hivyo, ondoka.

Tatu, mtu asiye na macho makavu sana, wala ugonjwa unaozuia vidonda kupona. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha angoje, kwa maana vipimo vya jicho na machozi hubadilika katika miezi ile.

Tena tuangalie jina. Jina laseri ni moja, kazi ni nyingi. Iko laseri ya retina kwa wagonjwa wa sukari, iko nyingine kwa glokoma, iko nyingine ya kusafisha utando unaobaki baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Hizo ni dawa za magonjwa. Ile tunayoeleza hapa haiponyi ugonjwa wowote.

Labda mtu atauliza: «Mimi nina miaka 50, Breviari sioni tena bila kuiweka mbali. Je, laseri itanisaidia?» Tunajibu: shida hiyo ni presbiti, si miopi. Jina lake limetoka katika Kigiriki, katika neno la mzee, ndilo shina la neno presbiteri pia. Karibu na miaka 40 au 45 lenzi ya ndani inaanza kukakamaa, haiwezi tena kujikaza kwa kusoma karibu. Kuchonga kornea hakurudishi ulaini wa lenzi. Hata kijana anayetengenezwa akiwa na miaka 25, akifika miaka 45 atatafuta miwani ya kusomea kama wenzake. Na mwenye miopi ndogo ambaye leo anavua miwani yake na kusoma bila shida, atapoteza faida hiyo. Waganga wengine wanatengeneza jicho moja kwa mbali na jingine kwa karibu; wengine wanazoea, wengine hawazoei.

Tena yuko yule ambaye macho yake yanafifia kidogo kidogo bila maumivu. Yapasa apimwe kwanza glokoma, ambayo inakula mshipa wa jicho kimya kimya, na ambayo sisi Waafrika inatupata zaidi kuliko watu wengi. Kilichokufa katika mshipa hakirudishwi na laseri wala na miwani. Mtu huyo akikaa miaka miwili akichanga feza za laseri, anapoteza miaka miwili ambayo matone ya dawa yangemwokolea macho yaliyobaki. Hapo ndipo nusu ya habari inapoua.

III. SIKU YENYEWE

Mwenye kutumia lenzi za kubandika jichoni aziache mbele ya vipimo: zile laini wiki moja au mbili, zile ngumu majuma mengi zaidi, kwa kuwa zinabadili umbo la kornea. Siku yenyewe asipake mafuta usoni, wala manukato. Aende na mwenzake, maana hataweza kuendesha motokari wala pikipiki wakati wa kurudi.

Mgonjwa halazwi usingizi. Analala chali, anatiwa matone ya ganzi, na kichuma kidogo kinashika kope zisifunge. Katika LASIK anasikia jicho likibanwa, na mwangaza unaweza kupotea kwa sekunde chache: asiogope. Kifuniko cha kornea kinafunguliwa kwa kisu cha mashini, au kwa laseri nyingine iitwayo femtosekunde, iliyotokana na maarifa ambayo Gérard Mourou wa Ufaransa na Donna Strickland wa Kanada walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2018. Kisha anaambiwa atazame taa ndogo. Laseri inapiga kwa sekunde chache tu, kawaida haifiki dakika moja kwa jicho, na harufu kama ya nywele zilizoungua inasikika. Watu wengi wanaogopa: «Nikitikisika, je?» Mashini inafuata mtikisiko mdogo wa jicho, na ukiwa mkubwa inasimama yenyewe. Mwishoni kifuniko kinarudishwa, kinashika bila kushonwa.

Njia ya zamani zaidi, iitwayo PKR, haifungui kifuniko: inaondoa ngozi nyembamba ya juu ya kornea, inapiga laseri, ngozi inaota tena. Njia ya tatu, SMILE, inachonga kipande chembamba ndani ya kornea na kukitoa kwa tundu dogo. Anayecheza mpira au kufanya kazi ya mapigo afikirie PKR pamoja na munganga wake, kwa maana kifuniko cha LASIK kinaweza kuhama kikipigwa kwa nguvu, hata baada ya miaka.

IV. MAPUMZIKO NA HATARI ZAKE

Nyuma ya LASIK jicho linawaka na kutoa machozi kwa masaa manne mpaka sita. Mtu anaona kama katika ukungu. Alale. Kesho yake walio wengi wanaona vizuri, na munganga anawapima siku hiyo hiyo. Nyuma ya PKR mambo ni mazito zaidi: maumivu siku mbili mpaka nne, lenzi ya kufunika kidonda karibu siku tano, na kuona kunaendelea kusafika kwa majuma, pengine miezi mitatu au zaidi. Anayechagua PKR asipange mtihani wala safari ya wiki ile.

Katika siku hizo yapasa kushika amri hizi. Kutia matone yote kwa saa zake: yale ya kuzuia vijidudu, yale ya kutuliza uvimbe, na machozi ya dawa. Kutosugua jicho hata kidogo. Usiku kuvaa kinga. Kutooga ziwani wala mtoni kwa majuma mawili angalau. Kukimbia vumbi la njia, moshi wa jikoni na wa ubani. Kuvaa miwani ya jua inje, zaidi nyuma ya PKR, kwani jua kali linaweza kuleta ukungu katika kornea.

Ukavu wa macho ni jambo la kawaida kwa miezi mingi. Usiku taa zinaweza kuonekana na duara pembeni. Kwa wengi mambo haya yanapungua. Kwa wachache yanabaki. Kwa wachache kosa linarudi kidogo, nao wanahitaji kutengenezwa tena au kuvaa miwani. Hatari kubwa ni haba lakini ziko: vijidudu kuingia, au kornea kulegea. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likiwa jekundu na kutoa usaha, au kuona kukishuka, mtu arudi kwa munganga siku ile ile. Basi anayetoka mbali asifunge mizigo kesho yake. Akae karibu na hospitali mpaka aruhusiwe, na mbele ya kusafiri atafute munganga wa macho wa kwao atakayemwangalia.

Tena atunze karatasi za vipimo vyake vya zamani maisha yake yote. Kwanza, kornea iliyochongwa inadanganya kipimo cha glokoma: mkazo wa jicho unasomeka mdogo kuliko ulivyo. Asipomwambia munganga, ugonjwa utapita bila kuonekana. Pili, siku atakapotolewa mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi mpya itahitaji vipimo vile. Tatu, jicho la miopi kubwa, hata likiona bila miwani, linabaki refu, na retina yake inaweza kubanduka. Akiona vimulimuli au kama pazia linashuka, asingoje kesho.

Basi ndugu, kabla ya kuhesabu feza, hesabuni ugonjwa. Nendeni kwa munganga wa macho aliye karibu, mpimwe mkazo wa jicho na retina, mjue kosa lenu jina lake. Mwenye kosa la kipimo tu, kornea nzima na feza zisizowanyima wadogo zake shule, laseri yaweza kumfaa. Wengine wavae miwani bila haya. Miwani ikivunjika inanunuliwa nyingine. Kornea iliyochongwa hairudishwi.