Mvua Kubwa, Dumu Tupu

Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda ya Kigoma, Kahama na Rusumo. Mkoa wa Kagera hupata vuli na masika. Je, mahali kama hapo pa kuogopa kiu?

Ndiyo. Mvua si akiba mpaka ihifadhiwe. Wilaya jirani ya Ngara ilionja hayo mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja. Ulikuwa msimu wa masika, lakini kuwapatia maji salama ilikuwa kazi kubwa.

Sasa limeongezeka joto. Hewa ikizidi joto kwa digrii 1 ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hivyo mvua huelekea kunyesha kwa kishindo, na baina ya mvua na mvua udongo hukauka upesi.

Wataalamu walichunguza kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutapora, vinavyoipatia Dodoma maji, wakatoa matokeo mwaka 2012. Waligundua kuwa maji ya chini ya ardhi hayajazwi kila mwaka. Hushuka miaka kadhaa, kisha hupandishwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998.

Dodoma ni nchi kame, Nyakanazi sivyo. Lakini funzo ni moja: anayechota bila kupima kina cha kisima ni kama mtu anayetoa fedha benki bila kujua salio. Nayo mvua kubwa ikikuta mteremko uliokatwa miti, hukimbilia bondeni na udongo wetu kabla ya kuzama.

Hesabu nyingine ni ya nyumbani. Paa la bati la mita 50 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, hukusanya karibu lita 1,000. Hayo ni madumu 50, ambayo mama na binti yake wasingeyabeba kichwani, na binti akawahi shule.

Basi halmashauri zipime visima na kulinda vyanzo, nasi tuweke mifereji ya bati na matangi. Akiba haiozi.