Si Kila Programu Huria Huchanganyika na Nyingine

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba programu ya tarakilishi ikishaitwa huria, basi kila mtu ana idhini ya kuikata vipande, kuviunga na vya programu nyingine na kuisambaza apendavyo. Dhana hiyo ni potovu. Programu huria ina mwenyewe na ina leseni, na leseni ni matini ya kisheria ambayo kila neno lake lina uzito.

Chukua leseni ya GPL, toleo la pili, la mwaka wa 1991. Inamruhusu mtu kuibadilisha programu na kuigawa, mradi kazi nzima itakayotokana nayo igawiwe kwa masharti yale yale, pasipo kuongezwa kizuizi kingine. Leseni ya Apache 2.0, ya mwaka wa 2004, nayo ni huria. Lakini inasema kwamba anayefungua mashtaka ya kudai hataza, yaani haki ya mvumbuzi, juu ya programu hiyo hupoteza haki za hataza alizopewa. Sharti hilo ni la busara, ila kwa maoni ya Free Software Foundation, waliotunga GPL, ni kizuizi cha ziada. Kwa hivyo hizo mbili haziwezi kuunda programu moja ya kusambazwa. (Ukiitumia mwenyewe nyumbani, hapana wa kukuuliza.)

Toleo la tatu la GPL, la Juni 2007, liliondoa kikwazo hicho. Hapa ndipo mwanaisimu anaposisimka. Watunzi wengi wa programu walikuwa wameandika kwamba kazi zao zinaongozwa na toleo la pili "au toleo lolote la baadaye". Kwa maneno hayo machache, yanayotanguliwa na kiunganishi kidogo tu, programu zao zaweza kuunganishwa na za Apache. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds, hakina maneno hayo. Kimebaki katika toleo la pili. Na kwa kuwa hakimiliki yake imo mikononi mwa maelfu ya waandishi, kupata idhini ya wote ni muhali.

Sasa mfikirie mwanafunzi anayeunda programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili kwa kuokota kipande hapa na kipande pale. Kazi yaweza kukamilika, ikasifiwa, kisha isiweze kugawiwa shule hata moja kwa sababu leseni mbili hazipatani. Msimamizi anayedai orodha ya marejeleo, mbona asidai pia orodha ya leseni kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa? Aghalabu haitazidi ukurasa mmoja.